Mkwe wa Nani?

Mtaa mzima wa nyumba za kampuni ya shaba kule Shituru, mjini Likasi, ulijua kwamba Jumatatu ile Théodore angekuja. Hortense hakumwambia mtu. Lakini ukitaka siri yako ikae, usinunue kuku asubuhi na usipige pasi gauni la misa siku ya kazi. Hortense alikuwa amefanya yote mawili, na kabla ya saa nne majirani walikuwa wameshapita mlangoni kwake kuomba chumvi ambayo hawakuihitaji.

Théodore alikuwa mpiga gitaa wa okestra iliyotoka Kinshasa. Walikuwa wamecheza Jumamosi na Jumapili kwenye baa moja ya mjini, na mwenye okestra, ambaye wote walimwita patron, aliwapa Jumatatu nzima wapumzike kabla ya kupanda treni ya Kolwezi kesho yake. Wenzake walilala mpaka jua likawa kali. Théodore alichukua gitaa lake akasema anakwenda kuwasalimia wazazi wa Hortense, nao wakamcheka mpaka akatoka mlangoni.

Mapenzi yao yalianza kiangazi kilichopita, na yalianza kwa kifungo cha shati. Okestra ilikuwa imekwenda kucheza Kambove, mji wa jirani, lakini Théodore alibaki Likasi akisema ana homa. Hortense alifundisha ushonaji kwenye foyer, nyumba ya mafunzo ya kina mama. Mgonjwa huyu alimletea shati lililokatika kifungo. Kesho yake akaleta lingine, na keshokutwa lingine, na hata mpumbavu angejua kwamba vifungo havikatiki namna ile. Tangu hapo alimtumia salamu kwa mdomo wa kila mfanyakazi wa reli aliyepita. Sasa amerudi, na Jumapili baada ya misa alimwambia lile neno ambalo Hortense alikuwa analingoja kwa moyo wote. Anataka kumwoa.

Kizuizi kilikuwa baba yake, Baba Urbain, mzee wa tanuri za shaba, mtu asiyependa jambo lisilo na zamu.

"Muntu ya gitari ni kama treni," alisema asubuhi ile huku akifunga kamba za viatu. "Inapiga filimbi muzuri, lakini iko na magare, stesheni mingi. Na ku kila gare kuko mwanamuke anangoja na kitambaa mu mukono."

"Papa, haumuyue."

"Namuyua. Na minye nilikuwa kijana mbele yako."

Mama Martine, mkewe, naye alikuwa na hofu yake, na hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi.

"Huyu ni muntu ya fleuve, ya muto mukubwa kule mbali," alilalamika. "Bantu ya kule hawayue heshima ya bukwe. Atakuya kunipa mukono! Ataniangalia mu macho, mbele ya bantu yote, anasema 'Mama, ça va?' Nitafwa na haya, Hortense. Nitafwa."

Hakuwa anatania. Kwa watu wa huku, kijana anayetaka binti hamtazami mama wa huyo binti usoni. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayepisha. Hali chakula mbele yake, wala hatamki jina lake, mpaka siku mama mwenyewe atakapomfungulia njia kwa sherehe na chakula. Hortense alikuwa amekusudia kumfundisha Théodore mambo haya yote Jumapili ile. Lakini mtu akishakuambia anataka kukuoa, nani anakumbuka masomo?

Kwa hiyo alipomwona anaingia kichochoroni, viatu vinang'aa, sanduku la gitaa mkononi, na upande wa pili Mama Martine anatoka bombani na ndoo kichwani, moyo ulimruka. Njia ilikuwa nyembamba, ua huku na ua huku. Hortense alifungua mdomo apige kelele.

Hakuwahi. Mama Martine alikuwa hajainua hata macho, na Théodore alishatoka njiani. Aliweka sanduku chini, akachuchumaa akiwa amempa mama mgongo, akainamisha kichwa kuelekea ua, akapiga makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa. Hakugeuka. Aliendelea kupiga mpaka nyayo za mama zilipokwisha kupita, ndipo akainuka na kujipangusa magoti.

Jirani aliyekuwa anapepeta maharagwe aliusahau ungo. Mama Martine aliingia jikoni maji yamemmwagikia mabegani, na hata hakuyasikia.

"Mwana wangu!" alinong'ona akimkumbatia Hortense. "Ulimufundisha muzuri! Aksanti, aksanti!"

Hortense alitaka kusema kwamba hakumfundisha kitu. Badala yake alichukua kitambaa akamfuta mabega.

Chakula kilipopakuliwa, ugali wa bukari na kuku na sombe la majani ya muhogo, Baba Urbain alimwita mgeni mezani kwa sauti ya mtu anayeita mshitakiwa. Théodore alibaki mlangoni.

"Papa, munisamehe," alisema. "Minye siwezi kukula mu nyumba ya mama. Munipatie kiti inje, kule nyuma. Na kama munanihurumia, tukule pamoja."

Mzee aliinuka. Kisha akabeba sahani yake mwenyewe, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona tangu wafunge ndoa, akatoka naye nje. Kutoka dirishani Hortense aliwasikia wakizungumza, kwanza neno mojamoja, halafu kicheko, halafu kicheko kingine. Gitaa likatoka sandukuni. Baba Urbain, ambaye kanisani hufumba mdomo wakati wa nyimbo, alisikika akiimba.

Aliporudi ndani alikuwa mtu mwingine.

"Nilikosa," alimwambia binti yake. "Ule kijana alilelewa. Wa Likasi hapa hapa, watoto ya barafiki yangu, hawayue ile heshima. Umuambie atume bantu yake. Tutawapokea."

Msichana mwingine angeruka, angemkumbatia baba yake, angekwenda kuringa kwa majirani. Hortense alisimama na ukoko wa bukari mkononi akikumbuka. Kiangazi kilichopita Théodore alimsimulia, akicheka, jinsi kwao kaka yake na mama mkwe wake wanavyokula sahani moja na kutaniana mpaka usiku. Sasa huyu huyu amejifunza wapi kuchuchumaa? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ni kweli. Lakini adabu ya kumpisha mama mkwe haifunzwi na ulimwengu. Inafunzwa na mama mkwe.

Na Kiswahili chake je, mtu wa Kinshasa? Alisema alikiokota kwenye ziara. Mtu anaokota maneno ya kuagiza bia na kuuliza njia. Haokoti "munanihurumia". Na ile homa ya Kambove, homa gani inayomruhusu mgonjwa kutembea kila siku na shati la kushonwa?

Alimsindikiza kama desturi. Walipita nyuma ya nyumba za mwisho mpaka karibu na reli, ambako moshi wa kiwanda huwasha koo ukivuma upande ule. Théodore alikuwa na furaha isiyo na mfano. Alijaribu kumshika mkono, na Hortense akauficha kwenye kitenge.

"Nini tena?" aliuliza Théodore. "Papa alikubali. Mama alikubali. Ni weye njo unanuna?"

"Nani alikufundisha?"

"Kufundisha nini?"

"Kukimbia mama yangu."

Théodore alicheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo, na Hortense alikiona kilivyochelewa.

"Chérie, minye natembea mu inchi yote. Naona bintu. Naona vile bantu bafanya."

"Unaona, ndiyo. Ukiona muntu anafanya, na weye unafikiri kwanza, halafu unafanya. Leo haukufikiri. Ulitoka mu njia mbele haujamuona muzuri. Mwili yako njo ilitoka." Alisimama mbele yake. "Uko mukwe ya nani, Théodore?"

Macho ya Théodore, yale macho ambayo Hortense aliyaota mwaka mzima, yalimkimbia yakatafuta reli.

"Niambie jina ya mama-mukwe yako."

"Hortense, franchement..."

"Jina tu. Kama hauna mama-mukwe, sema hauna. Kama uko naye, sema jina yake."

Alifungua mdomo. Hortense aliiona ile nguvu aliyoitumia, na jina halikutoka. Akaufunga tena. Basi Hortense akajua. Angeweza kusema uongo akataja jina lolote la mtakatifu wa kalenda, na hakuweza hata hilo. Mtu aliyekwisha kufunguliwa hutaja jina la mama mkwe wake kama la mtu mwingine yeyote. Huyu bado amefungwa.

"Mama-mukwe iko ku Kambove?" aliuliza taratibu.

"Iko ku Kambove."

"Na bibi yako, mwana yake?"

"Alikufwa." Théodore aliketi juu ya sanduku la gitaa kama mtu aliyekatwa miguu. "Alikuwa anaitwa Angèle. Mbele ya kuingia mu orchestre ya sasa nilikaa kule, napiga mu groupe kidogo ya batumishi. Tulioana. Halafu nikapata safari ya Zambia. Alikuwa na mimba. Minye napiga dansi mu bal ku Ndola, na yeye anafwa na mutoto mu tumbo. Habari ilinifikia bamekwisha kumuzika."

"Na ukaenda kulia?"

"Sikuenda."

"Théodore!"

"Niliogopa! Unayua vile banasema, bwana asiyeonekana ku kilio njo aliua. Nikasema nitaenda kesho. Nikasema nitaenda mwezi ingine. Halafu haya ikanishika, sikuweza tena. Kila mara patron anasema Kambove, minye nagonjwa."

Hortense aliyasikia yote, na kila neno lilimchoma, na bado sehemu moja ya moyo wake ilikaa pembeni imekunja mikono. Maana hadithi ilikuwa nzuri. Na huyu mtu kazi yake ni kuwaliza watu kwa hadithi.

"Banamuziki yote bibi yao alikufwa," alisema. "Wakipanda treni, bibi anafufuka."

"Unafikiri nakudanganya?"

"Siyui. Leo siyui kitu."

Théodore aliinuka ghafla akamsogezea sanduku.

"Kamata gitari. Ikae kwako mpaka nitarudia. Muntu ya musiki hawezi kuacha gitari."

"Ile gitari ni ya patron. Weye mwenyewe uliniambia, bintu yote ni yake, hata kamba. Kesho atakupatia ingine."

Alishusha sanduku. Masikini, neno lile lilikuwa kweli, na alikuwa amelisahau.

"Basi siko na kitu cha kukupa," alisema.

"Uko na miguu. Kambove haiko mbali. Twende."

"Leo?"

"Leo ni congé yako. Ulisema unataka kupumuzika. Twende kupumuzika kwa mama-mukwe."

Aliona hofu ikimpanda usoni, hofu ya mtoto anayepelekwa kwa mwalimu. Ilikuwa hofu ya mwenye kosa au hofu ya mwenye mke aliye hai? Hofu haina lugha, huwezi kuiuliza.

"Hauyue unaomba nini," alisema Théodore. "Nikifika kule, ni wao ndiyo wataamua. Wanaweza kunilipisha kilio, halafu waniachilie. Ao wanaweza kunipa mudogo yake, akamate nafasi ya dada. Ni vile desturi inasema. Na minye, na makosa yangu, nitakataa na mudomo gani? Nikienda sasa, Hortense, naweza kukupoteza."

"Na usipoenda, utanioa na jina ya muntu ingine ku shingo. Twende."

Lori la saruji la kiwanda cha Kakontwe lilikuwa linapakia kando ya barabara, na dereva alimjua Baba Urbain. Aliwapa nafasi mbele bila maswali, ingawa macho yake yaliuliza mengi. Gari liliruka kwenye mashimo, na vumbi la saruji likaingia kwenye gauni la misa. Mkono wa Théodore ulikuwa kwenye goti lake mwenyewe, vidole vyake virefu vimetulia. Hortense aliutazama njia nzima. Alitaka sana kuushika. Akajiambia, nikiushika sasa nitaamini lolote atakaloniambia, nitateremka, nitarudi nyumbani na kuanza kushona shela. Hakuushika.

Badala yake alipanga maneno. Angempigia mama yule magoti. Angesema yeye ni binti wa Urbain wa Shituru, kwao ni watu wa heshima, wamekuja kuomba Théodore aachiliwe kwa sababu anataka kuoa. Angesema anakuja kumchukua. Aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo mpaka yakawa laini.

Waliteremka mwanzo wa mtaa. Théodore alitembea mbele bila kuuliza njia, akageuka kushoto, akageuka kulia, na kila alipogeuka bila kusita wivu ulimuuma Hortense. Mbele ya nyumba moja yenye mlango wa buluu alisimama. Hakufika mlangoni. Alitoka njiani, akaweka gitaa chini, akachuchumaa na kuupa mlango mgongo, na makofi yake safari hii hayakusikika.

Hortense alikwenda mwenyewe kubisha hodi.

Aliyefungua alikuwa mwanamke kijana, wa umri wake, mrefu, mzuri, unga mikononi. Alimtazama Hortense. Kisha akatazama nyuma yake, akauona ule mgongo uliochuchumaa, na mikono yake ikapanda mdomoni.

"Théo!"

Alilitamka jina hilo kama mtu aliyezoea kuliita. Basi ni huyu, alijiambia. Yuko hai, na anapika, na anamwita Théo. Mwanamke yule aligeuka ndani akapaza sauti:

"Mama! Mama, kuya! Bwana ya Angèle amefika!"

Bwana ya Angèle. Hakusema bwana yangu. Hortense alishika mwimo wa mlango.

Mama alitoka polepole, mama mnene mwenye kitambaa cheusi kichwani, kimefifia kwa kufuliwa. Hakumsalimia mtu. Alimwona mkwe wake, akaweka mikono juu ya kichwa, na kilio kikamtoka.

"Angèle, mwana wangu! Ulimungoja, ulimungoja, mpaka udongo ikakufunika! Leo amefika, mama, na weye hauko!"

Wanawake wakatoka nyumba za jirani wakadakia. Théodore alianguka kifudifudi ardhini na kulia kwa sauti ambayo hakuna jukwaa lililowahi kuisikia. Hakudanganya. Mke wake alikuwa amekufa kweli, na Hortense akasikia raha ikimjaa kifuani, raha tamu. Halafu akatambua alichokifurahia, akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

Yule binti aliyefungua mlango, mdogo wa marehemu, alikuwa ameketi chini karibu na Théodore, si karibu sana. Alilia bila kelele. Mara mojamoja aliinua macho akamtazama shemeji yake, na Hortense, ambaye alijua kutazama huko kwa sababu na yeye hutazama hivyo, hakuhitaji kuambiwa kitu. Angeweza kumwinua Théodore sasa hivi. Ameonekana, amelia, basi. Lori lingerudi Likasi kabla ya jioni, na treni ya Kolwezi ni kesho.

Kilio kilipopungua, mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Ndipo kwa mara ya kwanza akamwona huyu mgeni mwenye gauni la misa lililojaa saruji. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Alikuwa mama aliyezika, hakuna ambacho angefichwa.

"Na weye, mwana ya bantu," aliuliza. "Unamuleta, ao unakuya kumuchukua?"

Théodore aliinua uso kutoka mavumbini, na macho yake yalimsihi, ingawa Hortense hakujua yalikuwa yanamsihi ajibu lipi. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalikuwa tayari mdomoni. Alimtazama yule binti mwenye unga mikononi. Akamtazama yule mama, ambaye alikuwa amengoja kupita wote.

"Namuleta, mama," alisema Hortense.

Kisha akavua viatu vyake akaketi chini pamoja na wanawake wale, ili na yeye alie.